Harry Dean Stanton: Mwigizaji aliyekaa karibu miaka 30 kando ya stelingi

KATIKA masimulizi ya watazamaji wa sinema huku Afrika Mashariki, stelingi hafi. Risasi humpita ubavuni, gari hulipuka akiwa ameshalitoka, na picha inapokwisha husimama akijipangusa vumbi. Wanaokufa ni walio kando yake.

Mwigizaji Mmarekani Harry Dean Stanton aliishi huko kando kwa muda mrefu kuliko wengi. Katika filamu ya Dillinger (1973) alikuwa jambazi aliyemiminiwa risasi. Katika Alien (1979) alikuwa fundi wa chombo cha angani aliyekwenda kumtafuta paka, akanyakuliwa na lile dude la kutisha. Escape from New York (1981) na Wild at Heart (1990) hazikumwacha hai pia. Hata alipopata nafasi nono katika runinga, akiwa na umri wa karibu miaka 80, mhusika wake aliishia kuuawa.

Kwa jumla alishiriki katika filamu zaidi ya 100 na vipindi vingi vya runinga, kazi iliyoanza miaka ya 1950 na kukoma mwaka wa 2017 alipoaga dunia akiwa na umri wa miaka 91. Kati ya zote hizo, zile zinazokumbukwa kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mhusika mkuu ni mbili tu.

Stanton alizaliwa Julai 14, 1926, katika eneo la West Irvine, jimbo la Kentucky. Babake alikuwa mkulima wa tumbaku na kinyozi. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa kijana. Akajiunga na jeshi la wanamaji na kupangiwa kazi ya upishi katika meli ya kushusha vifaru ufuoni. Meli hiyo ilikuwa katika maji ya Okinawa, Japani, wakati wa mapigano makali ya mwaka wa 1945. Msomaji aukumbuke upishi huo, kwa maana tutaurejelea.

Vita vilipokwisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Kentucky kusomea uanahabari na masuala ya redio. Huko ndiko alikopanda jukwaani katika mchezo wa Pygmalion wa George Bernard Shaw, na uandishi wa habari ukapoteza mwanafunzi. Aliacha masomo, akasafiri hadi California kujifunza uigizaji katika chuo cha Pasadena Playhouse.

Wakati huo runinga za Marekani zilikuwa na njaa ya hadithi za kauboi. Tamthilia kama Gunsmoke, Rawhide na Bonanza zilihitaji mhalifu mpya kila wiki, na Stanton, kwa mashavu yake yaliyobonyea na macho ya mtu asiyelala, alionekana kana kwamba ameumbwa kwa kazi hiyo. Aliiba ng'ombe, akavamia mabenki, akafungwa, akanyongwa. Hata jina hakuwa nalo kamili: kwa kuwa kulikuwa na mwigizaji mwingine aliyeitwa Harry Stanton, alilazimika kujiandikisha kama Dean Stanton hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Fundisho lililobadilisha uigizaji wake alilipata kwa rafiki. Katikati ya miaka ya 1960, Jack Nicholson, ambaye waliwahi kuishi nyumba moja, aliandika filamu ya kauboi iitwayo Ride in the Whirlwind na kumtengea nafasi ya kiongozi wa genge la majambazi. Alimpa sharti moja: asifanye lolote. Aziachie nguo ziigize, naye awe Harry tu. Stanton alisimulia kisa hicho mara nyingi katika maisha yake, na atakayezitazama filamu zake za kabla na baada ya hapo ataiona tofauti. Yule mhalifu wa kukunja uso alitoweka. Mahali pake pakaja mtu mtulivu, anayesikiliza zaidi ya kusema.

Utulivu huo ulimfungulia milango mingi, ingawa yote ilikuwa ya nyuma. Katika Cool Hand Luke (1967) ni mfungwa mwenye gitaa, na alikuwa mwimbaji kwelikweli. Katika The Godfather Part II (1974) ni askari wa FBI anayemlinda shahidi. Mtazamaji huweza kuitazama filamu hiyo mara tano asimtambue, na hilo si kosa la mtazamaji wala la mwigizaji. Hollywood ina tabaka zima la watu wa namna hii, ambao nyuso zao zinajulikana na kila mtu ilhali majina yao hayakumbukwi. Hupewa dakika tano au kumi, na katika muda huo hutakiwa kutuaminisha kwamba mlevi yule, au yule polisi, alikuwa na maisha yake kabla ya kamera kufika, na kwamba ataendelea nayo ikiondoka.

Marehemu Roger Ebert, mkosoaji wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliwatungia sheria. Alisema hakuna filamu inayoweza kuwa mbovu kabisa ikiwa Stanton, au mwenzake M. Emmet Walsh, ameshiriki katika nafasi ya usaidizi. Baadaye alikiri kwamba Dream a Little Dream ya mwaka wa 1989, ambamo Stanton alikuwemo, iliivunja sheria hiyo waziwazi. Mtu anayefanya filamu zaidi ya 100 hawezi kukwepa kokoto katika wali.

Bahati ilimjia baa. Akiwa Santa Fe, jimbo la New Mexico, alikuwa akinywa na mwandishi wa tamthilia Sam Shepard, akamweleza kwamba amechoshwa na nafasi alizokuwa akipewa na kwamba angependa kuigiza jambo lenye uzuri na hisia. Shepard hakusema mengi. Muda mfupi baadaye alimpigia simu na kumpa nafasi ya mhusika mkuu katika filamu aliyokuwa akiiandika kwa ajili ya mwelekezi Mjerumani Wim Wenders. Ndiyo Paris, Texas.

Filamu inaanza kwa mwanamume mwenye kofia nyekundu akitembea peke yake jangwani. Ni Travis, aliyetoweka kwa miaka minne na kumwacha mtoto wake mdogo. Nduguye anakuja kumchukua, lakini Travis hatamki neno. Kwa zaidi ya dakika 20 mhusika mkuu hasemi kitu, na hatuchoki kumtazama. Ni mwigizaji aliyezoea kungoja zamu yake ambaye angeweza kuubeba ukimya wa kiasi hicho. Stelingi wa kawaida angeomba aongezewe maneno.

Maneno yanakuja mwishoni. Travis anampata mkewe, Jane, aliyeigizwa na Nastassja Kinski, akifanya kazi Houston katika nyumba ambako wanaume hulipa kuwatazama wanawake kupitia kioo. Yeye anamwona mkewe, mkewe hamwoni. Wanazungumza kwa simu. Travis anageuza kiti chake, anakipa kioo mgongo, na kuanza kusimulia habari za mume na mke aliowahi kuwajua: jinsi walivyopendana, jinsi wivu na pombe vilivyomgeuza mume kuwa mkatili, na usiku ule nyumba yao ilipowaka moto. Anasimulia polepole, bila kupaza sauti, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Upande wa pili wa kioo, Jane anaanza kuelewa ni nani anayesema. Sijaona katika sinema ya miaka hiyo kisa cha majuto kilichoigizwa kwa vifaa vichache kuliko hivyo: kiti, simu na kioo.

Mnamo Mei 1984, filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa, Palme d'Or. Stanton alikuwa na umri wa miaka 57. Mwaka huo huo pia ilitoka Repo Man, ambamo alimwigiza mnyang'anyaji wa magari ya wadaiwa kwa mdomo mchafu na maadili ya ajabu.

Mtu angedhani kwamba kuanzia hapo angepewa filamu zake mwenyewe. Haikuwa hivyo. Alirudi kando: baba asiye na kazi katika Pretty in Pink (1986), Mtume Paulo katika The Last Temptation of Christ (1988), mfungwa anayekaa badala ya mhukumiwa wakati askari wanapofanya mazoezi ya kiti cha umeme katika The Green Mile (1999). Hakuwahi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Aliyemthamini zaidi ni mwelekezi David Lynch, aliyefariki Januari 2025. Katika The Straight Story (1999), mzee anasafiri mamia ya kilomita akiendesha mashine ya kukatia nyasi ili kupatana na ndugu yake mgonjwa. Tunasafiri naye filamu nzima. Ndugu huyo, Stanton, anatokea dakika za mwisho tu. Anaitazama ile mashine, anauliza kama kweli ndiyo iliyomleta, na macho yanamlenga machozi. Filamu nzima ilikuwa ikimsubiri yeye, naye hakuhitaji hata dakika tano.

Katika runinga, kizazi kipya kilimjua kupitia Big Love, tamthilia ya HBO iliyoanza 2006, ambamo alikuwa Roman Grant, kiongozi katili wa dhehebu la wenye wake wengi. Mhusika huyo aliuawa mwaka wa 2009. Mwaka wa 2017 Stanton alirejea katika Twin Peaks ya Lynch kama Carl Rodd, msimamizi wa kijiji cha nyumba za magurudumu, mhusika aliyekuwa amemwigiza miaka 25 awali.

Kisha ikaja Lucky, filamu yake ya pili ya uhusika mkuu. Iliongozwa na John Carroll Lynch, ambaye naye amefanya kazi miaka mingi katika nafasi ndogo na hana undugu na David. Lucky ni mzee wa miaka 90 anayeishi peke yake katika mji mdogo wa jangwani. Hufanya mazoezi, hujaza chemshabongo, hubishana baani. Siku moja anaanguka, na daktari hapati ugonjwa wowote isipokuwa uzee. Lucky alikuwa mpishi katika meli ya jeshi la wanamaji wakati wa vita, kama Stanton mwenyewe. Katika sehemu moja anakutana mkahawani na mwanajeshi mwingine mkongwe, nao wanazungumza kuhusu waliyoyaona Pasifiki. Mwenzake ni Tom Skerritt, nahodha wa kile chombo cha angani katika Alien, miaka 38 kabla.

Stanton, ambaye hakuwahi kuoa, alifariki Los Angeles mnamo Septemba 15, 2017. Lucky ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani Septemba 29, wiki mbili baadaye. Katika filamu hiyo, mhusika wake hafi.