Ya baridi au ya moto?

Mkiwa, pale barabara ya Itigi inapokutana na ile ya Manyoni–Singida, ukiagiza kinywaji huulizwa: ya baridi au ya moto? "Ya moto" haihusiani na jiko. Ni chupa ambayo haijaingia kwenye friji. Nalipenda neno hili kwa ukweli wake. Wafaransa hushauri divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini vyumba vyao vya zamani vilikuwa na nyuzi 16 hadi 18 hivi. Vyetu mchana wa jua kali hupita 25. Basi divai nyekundu nyepesi, hata ya zabibu za jirani zetu Dodoma, iagize ya baridi bila haya. Nyuzi 13 zinatosha, harufu ya tunda ibaki. Ile nzito ukiipoza sana, ukakasi wake huzidi.