Kitabu cha Fundi na Motokaa Kuukuu

Mwenye kalamu na daftari aviweke karibu, kwa maana leo zitatajwa tarakimu chache zifaazo kuandikwa.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni ya kitabu cha matengenezo, kile chenye kurasa zilizopakaa grisi ambacho mwenye motokaa ya zamani hukifungua juu ya boneti.

Fikirini safari ya kutoka Morogoro mjini kwenda Mgeta. Mji uko meta mia tano na kitu juu ya usawa wa bahari. Mnapita Mzumbe, mnafika Mlali, halafu barabara inaanza kupanda milima ya Uluguru, hata mfikapo Nyandira mmekwisha kupita meta 1,500. Gari hupanda nyepesi na kushuka limejaa kabichi na viazi. Katika kupanda hujaribiwa injini na maji yanayoipoza; katika kushuka hujaribiwa breki. Waliokiandika kitabu walikuwa mbali sana na mteremko huo. Je, mtu wa Morogoro alijifunzaje kukitumia?

Tuanze Kongwa, magharibi ya Morogoro. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko mradi mkubwa wa karanga. Matrekta mengi waliyoyaleta yalikuwa makuukuu, mabaki ya vita, mengine yakitoka hata Ufilipino. Yakaharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Zilikuwapo sababu nyingine, mvua haba na udongo mgumu, lakini ukosefu wa vipuri haukuwa mdogo miongoni mwao.

Wakati huo huo, mwaka 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Ulaya. Haikupita miaka mingi ikawa gari la maofisa wa wilaya, la wamisionari na la mashamba ya mkonge. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Hata hivyo fundi asiyejua Kiingereza kingi aliweza kusoma mambo mawili ndani yake: picha za vyombo vilivyofunguliwa na kupangwa kwa zamu, na tarakimu. Andikeni hizi za injini ya petroli ya lita mbili na robo, iliyoingia mwaka 1958. Silinda huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2. Nafasi ya valvu ni inchi 0.010. Nafasi ya pointi ndani ya distribyuta ni inchi 0.014 hadi 0.016. Tarakimu hizi hazihitaji mkalimani. Zilihitaji spana zinazofaa, basi, kwa kuwa nati za Kiingereza zilipimwa kwa inchi, na za Peugeot kwa milimeta; spana isiyo yake huila nati pembe, na nati iliyoliwa pembe huleta patasi na nyundo.

Majina ya vyombo yalizaliwa vinywani mwa mafundi: klachi, plagi, giaboksi, kabureta, radieta. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, lakini klachi haikulingoja.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni. Kitabu kilisema, toa kipuri hiki, weka kipya. Kipya kilikuwa wapi? Hapo ndipo mafundi wetu walipojifunza kubishana na kitabu, na mimi nawasifu kwa hilo. Gasketi ya kifuniko cha maji waliikata katika karatasi nene. Bushi waliichonga katika mpira wa tairi bovu. Lakini gasketi ya silinda hedi haichongwi kwa karatasi. Moto wa injini huimaliza. Na mafuta ya injini hayatiwi katika breki, maana huvimbisha mipira yake, na breki iliyovimba mipira haiaminiki mteremkoni. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baadaye magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi, mengi yakiwa na vitabu vya Kijapani. Tukarudi tena kwenye picha na tarakimu.

Hapa nataka tukawie kidogo, kwa maana picha haisemi yote. Tuseme unataka kukaza breki za nyuma za Land Rover ya zamani. Picha itakuonyesha bolti iliyo nyuma ya gurudumu: unainua gurudumu kwa jeki, unageuza bolti hadi gurudumu likame, kisha unairudisha kidogo hadi lizunguke bila kusugua. Kazi nyepesi. Lakini breki ya mkono ya gari hilo haishiki magurudumu; hushika shafti itokayo kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliacha hilo lizunguke hewani, na lile lililobaki chini liko huru kuviringika. Breki ya mkono umeivuta, na gari linaondoka, nawe uko chini yake. Kwa hiyo weka magogo au mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini kabla ya kugusa jeki. Jambo hili limo katika maneno, halimo katika picha.

Kazi ya nyumbani ni hii. Mwenye kitabu cha gari lake, cha lugha yoyote, atafute ukurasa wa breki, aandike kwa kalamu ya risasi jina la Kiswahili kando ya kila chombo, kisha amtafute mtu wa kumsomea maneno yaliyo chini ya picha, neno kwa neno. Juma lijalo, saa hii hii, tutafungua kabureta. Kwaherini.