Kulazwa kwa Amri na Kuwekwa Kizuizini: Historia ya Istilahi Mbili

Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Miongoni mwa maswali yanayowataabisha watafsiri tangu wakati huo ni hili: mgonjwa wa akili anayebakizwa hospitalini kwa amri ya mahakama, pasipo ridhaa yake, tuseme amefanywa nini? Wako waandikao "amefungwa", wako waandikao "amewekwa kizuizini", na wako waandikao "amelazwa" tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hayalingani, na kwamba tofauti yake hudhihirika zaidi siku mtu huyo anapoomba leseni ya bunduki.

Tuanze na majina ya ugonjwa wenyewe. "Wazimu" ni neno lenye shina moja na "mzimu", na "majinuni" lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na jini ndani yake. Maneno haya yanaeleza asili ya ugonjwa kabla ya kuutaja, na aliyeitwa hivyo hupelekwa kwa mganga kabla ya kupelekwa kwa daktari. Baadaye zilikuja hospitali: Lutindi katika milima ya Usambara, wakati wa Wajerumani, kisha Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, na jirani yake Isanga, wanakowekwa wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Jina la Mirembe likageuka kuwa tusi vinywani mwa watu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilikuja kushika mahali pa sheria ya kikoloni, lakini tusi halikufutwa pamoja na sheria ile.

"Kizuizini" nalo lina historia yake. Sheria ya mwaka 1962 ilimwezesha Rais kumweka mtu kizuizini bila ya kumshtaki mahakamani, na tangu hapo neno hilo limebeba harufu ya siasa na ya hatia. Kumwandikia mgonjwa neno hilo ni kumvika kosa asilolitenda.

Sasa tutazame bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Mwombaji wa leseni huchunguzwa kuanzia kijijini au mtaani kwake, kabla ya maombi kufika kwa Polisi wa wilaya na wa mkoa. Huko Shinyanga kujuana kwa majirani kulikuwa silaha ya zamani. Sungusungu walioanza pande za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwakabili kwa pinde na mishale wezi wa ng'ombe waliokuwa na bunduki. Lakini sungusungu hao hao waliwaandama vikongwe waliosingiziwa uchawi; basi neno la kijiji peke yake si ushahidi. Na katika machimbo ya dhahabu ya Geita, kama vile Nyarugusu na Rwamagasa, watu hutoka mbali, na mwenyekiti huenda asijue zaidi ya jina la utani la mwombaji. Hapo hapana budi kutegemea maandishi, na maandishi hutegemea istilahi.

Yaliyotokea Marekani ni funzo. Sheria yao ya silaha ya mwaka 1968 inamkataza bunduki mtu aliyepata kupelekwa kwa amri katika hospitali ya akili. Desemba 2005, katika jimbo la Virginia, mahakama ilimwamuru mwanafunzi mmoja atibiwe akitokea nyumbani. Kwa kuwa hakulazwa, jimbo lilihesabu kwamba hakuguswa na maneno yale, na jina lake halikupelekwa kwenye orodha ya ukaguzi. Alinunua bastola mbili, na tarehe 16 Aprili 2007 akawaua watu 32 chuoni. Januari 2008 ilitiwa saini sheria ya kuimarisha utoaji wa taarifa hizo.

Hata hivyo tusije tukateleza upande wa pili. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, na mgonjwa anayejua kwamba matibabu yatamwandikia hatia ataikimbia hospitali.

Kwa hiyo tunapendekeza "kulazwa kwa hiari" na "kulazwa kwa amri". Na pale amri inapohusu matibabu ya nje, "kutibiwa kwa amri". "Kizuizini" libaki kwa mahabusu. "Ugonjwa wa akili" usichanganywe na "ulemavu wa akili", kwani wa kwanza waweza kutibika na kupona. Kazi ya kumpeleleza mwombaji wa leseni iitwe "uchunguzi wa mwenendo", na fomu yake iulize kama kulikuwa na amri, ya nani, na ya lini. Isiulize kama mtu "ana kichaa". Mahakimu, waganga na walimu walio Shinyanga na Geita watuandikie namna maneno haya yanavyopokewa huko, kwani istilahi isiyokubaliwa na watumiaji wake hubaki vitabuni.