Si "Antena ya Macho", ni Kinasanuru

Rasimu moja ya istilahi za fizikia imekiita kijiti cha dhahabu kinachopokea nuru "antena ya macho". Macho ya nani? Kijiti chenyewe kina urefu wa nanomita 100 hivi. Hakuna jicho lililowahi kukiona. Wanakamati walikuta neno la kigeni linalogusa kuona, wakakimbilia jicho, kikao kikafungwa, posho zikalipwa.

Mimi nasema kinasanuru. Kunasa ni kitenzi cha Ziwa Viktoria. Mvuvi wa Igombe, hapa Mwanza, anajua kuwa ukubwa wa jicho la wavu wa makila ndio unaoamua samaki yupi anase na yupi apite. Kijiti nacho, urefu wake ndio unaochagua rangi: kikirefuka, kinaacha kijani na kunasa nyekundu. Hakifiki hata nusu ya urefu wa wimbi inayotakiwa na kanuni ya redio, maana nuru hupenya kidogo ndani ya dhahabu na elektroni huchelewa kuitikia.

Mpinzani wangu mmoja, mtu wa pwani, ameshupalia "foromali". Nakiri ana hoja. Katika Kilatini, antenna ilikuwa ile boriti ya kubebea tanga, yaani foromali hasa. Karne ya 15, Theodorus Gaza alipomfasiri Aristotle, alikuta pembe za wadudu zimeitwa kwa neno la Kigiriki ambalo pia lilikuwa na maana ya foromali, akaandika antenna. Wadudu wakalirithi neno la mabaharia, na redio ikaja kuliazima. Usomi mtamu! Lakini foromali hubeba, hainasi. Na fundi wa runinga pale Kirumba ukimwambia foromali imelegea, atakuuliza umeegesha wapi mtumbwi.

Wengine wananong'ona kwamba kifaa hiki hutoa nuru pia, si kunasa tu. Kinasa sauti nacho hutoa kilichonasa, na sikusikia kikao kilichoitishwa kukililia.

Matumizi? Hubana nuru mahali padogo kuliko lenzi iwezavyo, hata molekuli chache zikatambulika. Jamaa zake wa mviringo, chembe za dhahabu, ndizo zinazochora mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria.

Kiwanda cha kusafisha dhahabu kipo hapa hapa Mwanza tangu 2021. Istilahi ndiyo tuagize? Wingi ni vinasanuru, neno moja, bila kistari. Wahariri wa rasimu ya pili wazingatie.