Chemirocha na Treni Isiyofika Embu

Panda matatu pale steji ya Embu uelekee Meru. Kabla hujafika Runyenjes, Jim Reeves ameshaanza kukuimbia. Ukifika Chuka ni Don Williams, ukikaribia Nkubu ni Kenny Rogers, na hakuna abiria anayelalamika. Watu wa Nairobi hutucheka kwa hilo. Rafiki yangu mmoja, msomi wa kusoma kweli kweli, aliwahi kuniambia kwamba country ni muziki wa wajukuu wa waliomiliki watumwa, na sisi wa huku mlimani tunaoupenda tumelala. Siku hiyo sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila linaanzia mbali kidogo, upande wa Kericho.

Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis. Kati ya nyimbo alizonasa kuna tatu zenye jina moja: Chemirocha. Unaojulikana zaidi uliimbwa na wasichana, Chemutoi Ketienya akiongoza, kinubi kikidunda polepole nyuma yao. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi. Santuri zake zilikuwa zimefika huko, jina likapita kwenye ulimi wa Kikipsigis likatoka hivyo. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale wanamwimba kiumbe nusu mtu nusu swara, na wanamhimiza aruke kwa ngoma ya kwao mpaka avukwe na nguo.

Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho: ati Waafrika walisikia gramafoni wakadhani ni pepo. Mimi siioni hivyo. Mtu anayeogopa pepo haliambii licheze hadi libaki uchi. Wale wasichana walikuwa wanatania. Na Mkenya yeyote anajua Chebet, Chemutai, Chelagat ni majina ya nani. Kwa sikio langu, utani unaanzia kwenye hiyo "Che" yenyewe.

Turudi kwa Rodgers. Alizaliwa 1897, baba yake akiwa msimamizi wa mafundi wa reli. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya breki kwenye treni, na miongoni mwa vibarua Weusi wa reli ndiko alikosikia blues. Kifua kikuu kilipomtoa kwenye kazi hiyo alikuwa ameshaonja jukwaa. Kulikuwa na maonyesho ya wauza dawa: mcheshi anachekesha, banjo inapigwa, halafu chupa za dawa ya kila ugonjwa zinauzwa. (Ukisimama sokoni Meru siku ya soko utaelewa haraka.) Kulikuwa pia na vaudeville, ambako usiku mmoja ungeona mwimbaji, mchezesha mbwa na mwanasarakasi kwa tikiti moja. Ile sauti yake inayovunjika na kurukia juu, yodel, asili yake ni milima ya Ulaya. Vikundi vya waimbaji kutoka Alps vilizuru Marekani karne ya 19, na wachekeshaji wa jukwaani wakaichukua. Rodgers akaibandika juu ya blues. Agosti 1927, mjini Bristol, Ralph Peer wa kampuni ya Victor akamrekodi. Mwaka wa 1930 alirekodi "Blue Yodel No. 9" huku Louis Armstrong akipiga tarumbeta na Lil Hardin piano, lakini kwenye lebo ya santuri majina yao hayakuandikwa. Miaka mitatu baadaye akafa, umri 35.

Kwa hiyo muziki wa wazungu tu? Hapana, bwana. Lakini rafiki yangu hakukosea kabisa, kwa sababu katika yale maonyesho ya dawa Rodgers alijipaka uso rangi nyeusi kuwaigiza Weusi ili watu wacheke. Hilo siwezi kulifuta kwa sababu napenda gitaa lake. Ninachofurahia ni kwamba sauti yake ilipovuka bahari, wasichana wa Kericho walimgeuza yeye kuwa kiigizo, wakampa kwato, wakamwambia ruka.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, Ketebul Music ya Nairobi na maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini walizirudisha rekodi zile kwa Wakipsigis.

Huku kwetu reli haikufika. Ilikomea Nanyuki, upande wa pili wa mlima, na hadi leo Embu na Meru hazina hata pau moja ya chuma. Lakini Jumamosi usiku ingia baa yoyote Chuka. Mtu mmoja na gitaa lake anapiga mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya treni. Anatoka kwa Joseph Kamaru anaingia Kenny Rogers bila kupumua, na watu wanashikana mabega, behewa nyuma ya behewa, wanazunguka meza. Mara ya mwisho nilikuwa behewa la tatu. Msomi wetu alikuwa nyuma yangu, amenishika bega, anaimba maneno yote.