Habari za Majina na Asili ya Jamaa Zetu

Wazee wetu na ndugu wanachama, katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kutenga ukurasa mmoja kwa habari za majina. Wako vijana wengi hapa Kianyaga ambao, ukiwauliza jina la babu yao, hulitaja upesi: Njeru. Ukiwauliza ni Njeru yupi, hunyamaza.

Desturi yetu yajulikana. Mwana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake. Mabinti nao huwarithi nyanya zao vivyo hivyo. Kisha hufuata ndugu za wazazi. Kwa hiyo jina halipotei, bali huzunguka. Lakini Njeru akiwa na wana watano, kila mmoja atamwita kifungua mimba wake Njeru, na hapo ndipo mtafutaji wa asili hupotea njia.

Wazee wa zamani walijua hatari hiyo. Waliwatofautisha watu kwa nyumba ya mama, kwani katika boma la wake wengi mtoto alitambulikana kwa jina la mama yake. Tena kwa rika, ambalo lilichukua jina la jambo lililotukia wakati wa kutahiriwa, kama vile ndui au nzige. Tena kwa mbari, yaani uzao wa babu mmoja wenye shamba lao. Hata koo zetu zatajwa kwa mabinti wa Mumbi, ambao ni kumi ingawa twasema tisa, ijapokuwa urithi wa shamba ulifuata wanaume.

Majina mengine yana habari ndani yake. Kariuki ni aliyefufuka. Gachoki na Njoki yatoka katika neno la kurudi. Nyokabi ni wa Ukabi, yaani Umasai. Basi mwenye jina hilo, ingawa amelipata kwa nyanya yake tu, huenda nyuma yake yuko mama aliyetoka kwa Wamasai. Na nyaga, iliyomo katika jina la mji wetu na la mlima, ni mbuni.

Mambo haya si ya kuongelea motoni tu. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mashamba yalipokusanywa na kupimwa, kamati za wazee zilisikiliza madai kwa ushahidi wa mdomo, na aliyeweza kuihesabu mbari yake alikuwa na la kusema. Kisha hati iliandikwa jina la mtu. Leo wajukuu wenye jina lilelile hushindana juu ya hati hiyo, na asiyejua nyumba ya nyanya yake hana jibu.

Karatasi nazo zimebadili mengi. Kulikuja majina ya ubatizo, hasa tangu misheni ya CMS ilipofika Kabare mwaka 1910, kikaja kipande, na sasa wako wanaowapa watoto wote jina moja la mwisho, vizazi hata vizazi. Hatuwalaumu, ila gurudumu la majina husimama hapo.

Kwa sababu hiyo kamati imeweka daftari. Kila jamaa ilete jina la babu, la mama yake babu, rika lake na mbari yake. Tafadhali waulizeni kwanza akina nyanya, kwani tumeona kwamba wao ndio wazikumbukao nyumba za wake wenza.