Drongo (tusi)

Drongo ni neno la mitaani nchini Australia la kumwita mtu mjinga, mzito wa akili au asiyefaa kwa lolote. Si tusi zito: dereva anayekata kona bila kuwasha indiketa hurushiwa neno hilo kwa hasira, na rafiki aliyejifungia nje ya nyumba yake huitwa hivyo kwa utani.

Chanzo chake ni farasi wa mashindano aliyeitwa Drongo. Alikimbia mbio 37 bila kushinda hata moja, akastaafishwa mwaka 1925. Hata hivyo hakuwa goigoi, kwani alishika nafasi ya pili katika Victoria Derby ya 1923. Katuni za magazetini mjini Melbourne zililitumia jina lake kwa watu wenye mkosi, wanaojitahidi wasifanikiwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, makuruta wa jeshi la anga la Australia nao waliitwa madrongo.

Farasi huyo alipewa jina la ndege wa jamii ya mlamba, ambayo ina spishi Australia na Afrika Mashariki pia. Jina drongo la ndege huyo asili yake ni Kimalagasi.